Fimbo ya Mita Moja: niliyosema Tororo Siku ya Kiswahili

Hedimasta, walimu wote, wazee wetu wa kota za reli, wazazi, shikamooni. Na nyinyi watoto hamjambo? Naona wengine mmesimama kule nyuma kwenye jua, sogeeni huku chini ya mwembe, nafasi ipo, kaeni ata kwenye nyasi.

Niliambiwa niongee kuhusu walimu wangu wa zamani na masomo niliyoyapenda, nikasema sawa, rahisi hiyo, alafu nikakaa na ile barua wiki mbili sijaandika kitu. Kwa sababu kila nikianza na somo naishia kwa mtu, na nikianza na mtu naishia kwa kitu alichokuwa ameshika mkononi siku hiyo. Basi nikaacha kuandika nikaenda kwa fundi seremala pale sokoni nikamwambia nikatie fimbo ya mita moja kamili, isizidi isipungue. Ndiyo hii mnayoiona hapa mezani. Wacha nianze nayo.

Mimi nimesoma kwenye huu mji wetu wa Tororo, hapa Uganda, miaka ya 80, baba alikuwa mtu wa reli, tulikaa kota, chumba kimoja na jiko nje, watoto sita. Hesabu nilikuwa naziogopa sana jamani, hasa vipimo. Ubaoni mwalimu wa kwanza alikuwa anaandika milimita 10 ni sentimita 1, sentimita 100 ni mita 1, mita 1000 ni kilomita 1, sisi tunaimba kama wimbo wa kanisani, ukimaliza kuimba ukiulizwa mita moja ni ndefu kiasi gani unanyoosha mikono tu, huyu ananyoosha hivi, huyu hivi, hakuna anayejua. Alafu tulipofika P5, darasa la tano, akaja madam mwingine, mfupi, mpole, anatembea haraka haraka. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Akaingia na fimbo akasema tokeni nje, shikaneni mikono wawili wawili, tukamfuata mpaka stesheni. Alikuwa ashaongea na stesheni masta, kuna mzee wa reli akasimama upande mmoja na bendera nyekundu, mwingine upande wa pili, hakuna treni ya kuja mpaka mchana. Madam akapiga magoti kwenye kokoto na sketi yake ile ya kijivu, akaiweka fimbo katikati ya reli mbili, kutoka ukingo wa ndani mpaka ukingo wa ndani, ikaingia tik! Ikatoshea kabisa. Akasema haya, kila mtu apige magoti aone kwa macho yake.

Mnajua nilichohisi? Hiyo reli nimezaliwa nayo, nimevuka juu yake kila siku nikienda kuteka maji, baba amekula kwa hiyo reli, na kumbe upana wake wote ni mita 1, milimita 1000, kutoka Mombasa, Nairobi, Malaba, hapa Tororo, mpaka Kampala ilikofika mwaka 1931, mita 1, mita 1, haibadiliki. Tangu siku hiyo sijawahi kunyoosha mikono ovyo. Mtu akiniambia mita 3 mimi naona reli tatu zimepangwa kando kando. Na madam akaendelea hivyo hivyo. Urefu wa taruma moja, zile zinazolala chini kubeba reli, umbali kati ya taruma na taruma, sasa hesabu mataruma 20 niambie tumetembea mita ngapi. Tulikuwa tunarudi darasani magoti yana vumbi na tumefurahi.

Mwaka 1987 pesa zikabadilishwa Uganda nzima, wakubwa mnaikumbuka ile Mei, sifuri mbili zikatolewa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo serikali ikakata asilimia 30. Nyumbani wazazi walikuwa wamechanganyikiwa, watu wanalia, wanahisi wameibiwa na hawajui ni kiasi gani. Madam akatuambia kila mtoto aende aulize nyumbani kuna pesa ngapi, asiseme kwa mtu, aandike kwenye karatasi yake mwenyewe afanye hesabu yake. Shilingi 10,000 za zamani, toa sifuri mbili, 100. Asilimia 30 ya 100 ni 30. Umebaki na 70. Nilikwenda nyumbani nikamfanyia mama hiyo hesabu kwenye karatasi ya sukari, mama hakusoma sana, nikamwonyesha pole pole mstari kwa mstari, akaniangalia, akasema kwa hiyo ndiyo hivyo. Akaacha kulia. Zile pesa hazikurudi lakini alijua zimekwenda wapi. Nilikuwa na miaka 12 na nilikuwa nimemfafanulia mama yangu jambo la serikali. Ndiyo maana leo nafanya kazi ya kliaringi, kupitisha mizigo forodhani, kule mpakani Malaba, kutwa nzima ni tani, ushuru, asilimia, makaratasi ya kontena, na siogopi namba yoyote.

Mwalimu wa SST, maarifa ya jamii, nitampitia haraka maana muda unakimbia, ingawa alinipa kitu kimoja kikubwa. Huyu alitupandisha lile jiwe letu. Watu wa Tororo tunaliona kila siku mpaka hatulioni tena, si ndiyo? Alitupandisha asubuhi na mapema kabla jua halijachoma, tukafika juu tunahema, akatuambia hapa mlipokaa ni ndani ya koo la volkano. Zamani sana kulikuwa na mlima hapa, moto wa chini ukapanda ukagandia kooni, miaka mingi mvua na upepo vikaula mlima wote wa nje, ukabaki huu uji mgumu wa katikati. Na ile chokaa ya kiwanda cha saruji pale chini ni mali ya moto huo huo. Alafu akatugeuza kaskazini, ule pale Elgon, kilele chake Wagagai mita 4,321, ule nao volkano, kaka mkubwa wa hili jiwe. Akatugeuza mashariki, pale Kenya. Hakuna mstari chini, mnauona mstari? Hatukuuona. Nyasi za huku na za kule ni zile zile. Mimi nafanya kazi kwenye huo mstari sasa miaka zaidi ya 20, na kila siku nakumbuka kwamba kutoka juu hauonekani.

Sasa nije kwa yule aliyenifanya niitwe hapa leo.

Kiswahili wakati wetu hakikuwa somo. PLE, ule mtihani wa kumaliza msingi, ilikuwa ni Kiingereza, hesabu, sayansi na SST, masomo manne, na mpaka leo ni hayo hayo manne. Kiswahili ilikuwa lugha ya stesheni, ya kambi, ya soko la mpakani. Na zaidi ya hapo ilikuwa lugha ya kuogopwa, wacha tuseme ukweli tuko wenyewe hapa. Watu wengi wa Uganda wa umri wangu walikisikia Kiswahili mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Toa kitambulisho. Lala chini. Panda gari. Wazee mnalijua hilo la mwisho, mwanzo wa miaka ya 80 kule Kampala likawa ata jina la ile kamata kamata, watu wanazolewa mtaani wanapakiwa kwenye malori, wanaambiwa panda gari. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alizolewa hivyo. Alirudi baada ya siku nne na hakusimulia kitu mpaka alipokufa. Kwa hiyo nyumbani kwetu, ingawa baba ni mtu wa reli na anaongea Kiswahili kazini kutwa, mama alikuwa hataki kukisikia ndani ya nyumba. Baba akivua viatu mlangoni na Kiswahili anakivua hapo hapo.

Na shuleni napo kulikuwa na mfupa. Wakubwa mnacheka, mnaujua. Mfupa wa ng'ombe umefungwa kamba, ukikamatwa unaongea lugha yoyote isiyo Kiingereza unavalishwa shingoni unakaa nao mpaka umkamate mwenzako. Siku moja mwenzangu alikuwa anakimbia na mpira nikamwambia ngoja. Neno moja. Nikavalishwa. Unanuka ule mfupa, nzi wanakufuata, na nilikuwa mtoto wa P4 jamani.

Nikiwa narudi nyumbani nao, maana siku hiyo sikumpata mtu wa kumpokeza, nikapita bohari ya mizigo pale stesheni. Kulikuwa na mzee mmoja karani wa bohari, mtu wa pwani, alikuja huku enzi reli ikiwa moja ya Afrika Mashariki nzima, jumuiya ikavunjika mwaka 1977 wenzake wakarudi makwao, yeye alikuwa ameshaoa hapa akabaki. Jina lake silitaji, wajukuu zake wapo na hawakuniruhusu, sisi tulimwita Babu tu. Akaniuliza mjukuu wangu, umefanya nini? Nikamwambia nimesema ngoja. Akanyamaza. Hakumtukana mwalimu, hakuniambia pole ata. Alichukua chaki, ile ya kuandikia namba kwenye magunia, akaandika kwenye mlango wa bohari NGOJA. Chini yake ngojea. Ngojana. Ngojeana. Ngojewa. Ngojesha. Akanisomea moja moja, huyu anangoja peke yake, huyu anamngojea mwenzake, hawa wanangojeana, huyu anangojewa, ndiye bwana harusi, huyu anangojesha watu, ndiye treni ya kutoka Nairobi. Nilicheka mpaka nikasahau mfupa. Neno nililovalishwa mfupa kwa ajili yake lilikuwa na watoto watano, wote wazima, wote wana kazi.

Kesho yake nikaja na wenzangu wawili. Mwezi haujaisha tukawa kumi na kitu. Saa kumi na moja jioni, bohari ikifungwa, anatutandikia magunia tunakaa. Hakuna ada, hakuna kitabu, hakuna mtihani.

Sasa walimu wa Kiswahili mlioko hapa naomba msikie hii kwa makini kwa sababu ndiyo iliyonileta. Ngeli. Mnajua ngeli zinavyowatoa watoto machozi, na sisi Waganda tunajulikana Afrika Mashariki nzima kwa kitu hii, mtu yake, nyumba mkubwa. Yule mzee hakuwahi kuandika jedwali la ngeli. Alikuwa na kulabu ya chuma, ile wapagazi wanayovutia magunia, nzito, mpini wake umeng'aa kwa jasho. Akaiinua akasema, jina ni injini, kitendo ni behewa, katikati pana kulabu. Ukikosea kulabu, injini itakwenda Jinja na behewa litabaki Tororo.

Alafu akatupanga foleni. Wa mbele anapiga kelele behewa! Wa nyuma lazima aseme LI-mefika ndipo aruhusiwe kumshika shati. Mabehewa! YA-mefika. Mzigo! U-meshuka. Mizigo! I-meshuka. Kiberenge! KI-mepita. Viberenge! VI-mepita. Ukikosea unaachia shati na treni yote inasimama, watu wote wanageuka kukuangalia, unajaribu tena, ukipata mzee anapuliza filimbi tunaondoka, tunazunguka bohari tunaimba chu chu chu. Mimi nilikwama kwenye ufunguo. Ufunguo umepotea, sawa, alafu funguo, nikawa nasema umepotea, imepotea, yamepotea, wiki nzima nasimamisha treni. Mzee akanitoa pembeni akanionyesha shada la funguo zake za bohari, akatoa mmoja akaniwekea kiganjani, u, alafu akamwaga zote, zi. Ziii, akafanya na sauti zilivyokuwa zinalia. Zimepotea. Usiku ule sikulala, niko kitandani natafuta wenzake: ukuta kuta, wimbo nyimbo, wembe nyembe, ulimi ndimi, ukucha kucha, unywele nywele. Nikamwamsha dada yangu nikamwambia unajua unywele mmoja una u, ukiwa na wenzake inapotea? Akanipiga teke. Lakini mimi hapo ndipo nilipokipenda Kiswahili, saa sita za usiku, kwa sababu ya herufi moja inayopotea.

Na sasa niseme kuhusu neno panda.

Ilikuwa mwaka 1985, mwaka mbaya, serikali zinabadilika, wanajeshi wanapita na treni na malori usiku na mchana. Jioni moja mzee akasema leo tunajifunza panda. Tukanyamaza. Mtoto mmoja aliinuka akaondoka kabisa, na mzee hakumwita. Akangoja kidogo alafu akasema kwa sauti ya chini, hili neno si lao. Hili neno ni la mama zenu. Mama zenu wanafanya nini msimu wa mvua ukianza? Kimya. Alafu mmoja akasema wanapanda. Wanapanda nini? Mahindi. Mtama. Maharage. Karanga. Sote tukawa tunataja. Akasema haya, na lile jiwe tunalifanyaje? Tunalipanda. Na mti wa mwembe? Tunaupanda. Na ukitaka kwenda Mombasa ukaone bahari? Tukanyamaza tena. Akangoja. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema nitapanda gari moshi. Sauti ilikuwa inatetemeka. Akasema rudia, sema ungetaka kukaa dirisha la upande gani. Nikasema Babu, nitapanda gari moshi nikae dirisha la kulia nione bahari.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama mbele ya baba, kwa Kiswahili, mama, mwaka huu tutapanda nini shambani. Mama alikuwa anasonga posho. Akasimamisha mwiko. Baba akaniangalia kama nimevunja kitu. Mama akakaa hivyo kidogo, mvuke unampanda usoni, alafu akajibu kwa Kiswahili, cha kwanza nilichowahi kukisikia mdomoni mwake, akasema tutapanda mtama. Akaendelea kusonga.

Samahani, nipeni dakika.

Haya. Najua leo mambo yamebadilika. Mwaka 2005 katiba ikarekebishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, mwaka 2021 UNESCO wakatupa hii Julai 7, Siku ya Kiswahili, mwaka 2022 baraza la mawaziri letu likapitisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Nafurahi sana, nafurahi kutoka moyoni. Lakini naogopa kitu kimoja. Walimu ni wachache, vitabu havitoshi, mwalimu aliyejifunza Kiswahili juzi anapewa darasa la watoto 90, atafanya nini kama si kuandika jedwali ubaoni na kushika kiboko? Na mtoto akichapwa kwa sababu ya ngeli basi tumewapa tena ile lugha ya panda gari, safari hii wamevaa sare za shule. Walimu wangu, nawaomba. Anzeni na kilichopo. Tororo kuna reli, kuna jiwe, kuna matrela ya Malaba. Wakati wa korona shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, watoto wa ploti yetu walikuwa wanazurura, na matrela yamejipanga barabarani foleni haina mwisho madereva wanasubiri kupimwa, mimi nikawa natoka nao jioni tunasimama mbali: trela limesimama, matrela yamesimama, dereva amechoka, madereva wamechoka, tairi limepasuka, mzigo umeoza. Madereva wa Mombasa wakawa wanawasahihisha kutoka kwenye dirisha. Hakuna aliyelia. Wawili kati ya wale watoto wako hapa leo, nimewaona, S2 sasa, sekondari mwaka wa pili.

Na kama kuna shule yoyote bado ina mfupa umefichwa stoo, hedimasta, tafadhali, uzikwe.

Babu alifariki mimi nikiwa S3. Madam wa hesabu yupo hai, anaishi na binti yake, masikio yamechoka lakini nilimpelekea hii fimbo juzi kabla sijaja nikamwambia ipime. Akatoa futi yake ya kitambaa, ile ya mafundi nguo, akaipima mara mbili. Akasema ni mita, nenda.

Watoto wa P5 mko wapi? Inueni mikono. Nimeshaongea na watu wa stesheni, kuna watu wawili wa bendera wanatungoja, hakuna treni mpaka saa tisa. Tukimaliza chai twende wote tukapige magoti. Na muangalie vizuri, kwa sababu mwezi wa kumi mwaka 2024 serikali ilisaini mkataba wa reli mpya, Malaba mpaka Kampala, kilomita 272, na hiyo haitakuwa ya mita moja. Upana wake ni milimita 1,435. Hii fimbo haitatosha, itapungua sentimita 43 na nusu. Kwa hiyo yupo mmoja kati yenu hapa ambaye siku moja itabidi aende kwa seremala akate nyingine. Mikono chini. Chai ile pale.